Akiba ya ghalani huoza: jibu kwa msimamizi wa stoo aliyerithi mzigo uliododa

Swali: "Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa stoo katika kiwanda cha sabuni na mafuta ya kula hapa Dar es Salaam. Mwezi wa pili nilikabidhiwa ghala namba 2 baada ya mzee aliyekuwa akilisimamia kustaafu. Ndani kuna spea za laini ya zamani iliyong'olewa mwaka 2019: mota, giaboksi, beringi, mikanda, pampu za stenlesi. Kuna katoni na lebo za sabuni zenye nembo tuliyoacha kutumia, mifuko ya kostiki (soda kali ya kupikia sabuni) iliyoganda kama jiwe, na mapipa 14 ambayo maandishi yake yamefutika. Nyuma ya ghala kuna transfoma kuukuu. Vitabuni vyote hivyo vinasoma shilingi milioni 412. Wakati huohuo tumepanga ghala lingine kwa milioni 5 kwa mwezi, maana hatuna pa kuweka katoni mpya. Mzee mwenye kiwanda anasema akiba haiozi, visiguswe. Mwanawe ameshaleta mnunuzi wa vyuma chakavu, amekadiria tani 38, anatoa shilingi 900 kwa kilo, abebe vyote kwa mkupuo pamoja na mapipa. Mhasibu anasema tukiuza kwa bei hiyo tutatangaza hasara kubwa. Naogopa mambo mawili: kulaumiwa kwamba nimeuza mali ya kampuni, na kulaumiwa kwamba ghala limejaa takataka. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, kabla ya lolote: mnunuzi huyo asiondoke na mapipa. Mengine tutayazungumza taratibu, lakini hilo mwambie bosi mdogo, huyo mwana wa mwenye kiwanda, leo, na umwambie kwa maandishi.

Katika kiwanda cha sabuni na mafuta, pipa lisilo na lebo linaweza kuwa na kostiki ya maji, asidi, heksani (kiyeyushi) iliyobaki kwenye kazi ya kukamua mafuta, au udongo wa kusafishia mafuta uliokwishatumika. Huo udongo watu huudharau kwa sababu unafanana na tope kavu. Ukiwa umelowa mafuta hujipasha joto wenyewe kwa ndani na unaweza kushika moto bila mtu kuusogezea kiberiti. Kichocheo cha nikeli kilichotumika kugandishia mafuta nacho kina tabia hiyohiyo kikikutana na hewa. Kwa hiyo msifungue, msinuse, msitikise mjue kama kuna kitu ndani. Yatengeni mbali na katoni, wekeni alama ya kuzuia watu, na mtu asivute sigara wala kuchomelea karibu na hapo. Pipa lililovimba au linalovuja msilisogeze kabisa mpaka aje mtu wa kemikali.

Fikiria pia pipa linaishia wapi. Mnunuzi wa vyuma hataki kilichomo ndani, anataka pipa. Atakimwaga mtaroni, atalisuuza kwa maji mawili matatu, kisha atampelekea mtu wa mapipa. Unajua vizuri jinsi mji wetu unavyohifadhi maji. Pipa lililotoka kwako Jumatatu linaweza kuwa uani kwa mama wa watu Jumamosi, limejaa maji ya kupikia. Ndiyo maana sheria haichukulii taka hizi kama chuma. Anayezibeba na anayeziteketeza lazima wawe na kibali cha mamlaka za mazingira, na kemikali zenyewe ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Zikileta madhara, kiwanda kilichozitoa hakitajitetea kwa kusema kilikuwa kinauza mapipa tu.

Usione kama nakutisha. Tarehe 4 Agosti 2020, bandarini Beirut, tani 2,750 za amonia naitreti, kemikali ya mbolea na baruti, zililipuka zikaua zaidi ya watu 200. Mzigo ule ulikuwa umelala kwenye ghala tangu mwaka 2014. Barua za kuomba uondolewe ziliandikwa mara kadhaa, uamuzi haukufanywa. Mapipa yako 14 hayafiki hata chembe ya mzigo ule, lakini chanzo ni kilekile: kitu hatari kimekaa ndani, kila mtu anajua kipo, na hakuna anayekiona kuwa ni kazi yake.

Transfoma nayo isiende na vyuma. Za zamani huweza kuwa na mafuta yenye PCB, kemikali zenye sumu ambazo Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania imeuridhia, uliweka mwaka 2025 kuwa ukomo wa kuzitumia kwenye mitambo na 2028 kuwa ukomo wa kuziondoa kwa njia salama. Mafuta yapimwe kwanza. Yakionekana safi, transfoma ni shaba na chuma vyenye bei nzuri. Yakiwa na PCB, ni taka hatarishi, na kuikata kwa gesi uani kwa mtu ni kuwadhuru vijana wanaoikata.

Sasa tumgeukie Mzee mwenye kiwanda.

Usimdharau kwa neno lake kwamba akiba haiozi. Mtu aliyeendesha kiwanda hapa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 alijifunza neno hilo kwa machungu. Fedha za kigeni zilikuwa zimekauka baada ya vita vya Kagera. Beringi ya dola chache ilihitaji kibali cha Benki Kuu na miezi ya kusubiri, na mtambo mzima ukasimama ukiingoja. Mpaka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, aliyekuwa na spea kwenye rafu ndiye aliyekuwa na kiwanda. Mzee alipata akili hiyo katika miaka ambayo ilikuwa akili sahihi. Kilichobadilika ni hali: leo beringi ileile unaipata Gerezani au Kariakoo kabla ya saa sita mchana, na isiyopatikana hapa huja kwa ndege.

Na akiba ya ghalani huoza, ila huoza kimyakimya. Mpira wa mkanda hukauka na kupasuka hata kama haujawahi kuvikwa kwenye puli. Viwango vya kimataifa vya uhifadhi wa mpira, vile vya ISO 2230, hutoa miaka mitano kwa mpira wa asili, saba kwa mpira wa naitraili unaotumika sana kwenye sili za mafuta, na kumi kwa aina kama silikoni, tena katika stoo yenye baridi, giza na isiyo na vumbi. Ghala la bati la Dar es Salaam, lenye joto lake na chumvi ya baharini hewani, halifanani na stoo hiyo. Grisi ndani ya beringi hujitenga, mafuta yanatoka na sabuni inayoyashika ndani ya grisi inabaki imekauka. Beringi iliyokaa karibu na jenereta hupigwa na mtetemo mpaka gololi zinachimba vishimo vidogo kwenye njia yake, ikiwa bado imo ndani ya karatasi yake ya kiwandani. Vifaa vya elektroniki vya kuongozea mwendo wa mota vina kapasita ambazo zikikaa miaka bila umeme huharibika, na ukizipa umeme kamili ghafla zinaweza kupasuka. Kostiki yako umeshaiona mwenyewe: imevuta unyevunyevu na hewa ya ukaa, ikaganda, na sehemu yake imeshageuka kuwa magadi.

Juu ya kuoza kuna kodi ya pango. Milioni 5 kwa mwezi ni milioni 60 kwa mwaka. Mnunuzi wenu anawapa tani 38 kwa 900, yaani milioni 34.2. Kodi ya miezi saba tu ya lile ghala la kupanga inazidi fedha yote hiyo. Hesabu hii mpelekee Mzee ikiwa kwenye karatasi moja, kwa mwandiko mkubwa, bila maneno mengi.

Lakini hesabu hiyohiyo isikufanye umpe bosi mdogo ushindi wa moja kwa moja. Yeye ameona sawasawa kwamba ghala lazima lifunguke, ila mnunuzi aliyemleta ananunua ujinga wenu. Bei ya 900 kwa kilo ni bei ya chuma cha kawaida, na ndani ya hizo tani 38 kuna pampu za stenlesi, nyaya za shaba ndani ya mota, na shaba nyeupe na nyekundu kwenye valvu. Shaba nyekundu kwa kilo huenda mara kumi na zaidi ya chuma. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu, pita nayo kwenye pampu zako. Stenlesi nyingi za viwanda vya chakula na sabuni hazishiki sumaku. Kila kisichoshika na kinang'aa kiweke pembeni, maana hicho kikipimwa pamoja na chuma, faida yote ni ya mnunuzi.

Kuna kiwanda nilichokifanyia kazi ya ushauri miaka ya nyuma ambacho kiliuza "vyuma vya stoo" kwa mkupuo namna hii. Mota moja ya kilowati 15 iliyokuwa mle ndani ilikuwa nzima, haijawahi kufungwa. Miezi sita baadaye mota ya kuendeshea mchanganyiko iliungua. Fundi akaenda mjini kutafuta nyingine, akaikuta dukani, imepakwa rangi mpya, bado ina namba ya stoo ya kiwanda imeandikwa kwa kalamu nyeupe chini ya kiguu chake. Waliinunua, wangefanyaje. Tangu siku hiyo sikubali mzigo utoke ghalani kabla mhandisi hajapita na kuugusa kwa mkono wake.

Hapo ndipo kazi yako halisi inapoanzia, na ni kazi ya kutenganisha. Kitu kinacholala muda mrefu si lazima kiwe kimekufa. Giaboksi ya akiba ambayo haijaguswa miaka sita inaweza kuwa ndiyo bima yenu, kama mtambo wake bado unazunguka na mpya yake inachukua miezi minne kufika kutoka India au Italia. Lakini kama mtambo wake uling'olewa mwaka 2019, hata ikiwa mpya kwenye sanduku lake, kwenu ni mzigo tu. Kwa hiyo kwa kila spea uliza maswali haya ukiwa na mhandisi: mashine yake bado ipo? Ikiharibika leo, nyingine inapatikana kwa siku ngapi, na siku hizo kiwanda kinasimama au kinaendelea? Tunazo ngapi, na zinaweza kuharibika ngapi kwa pamoja? Unaweza kukuta giaboksi nne mahali ambapo moja inatosha. Hapo moja inabaki na tatu zinatafutiwa mnunuzi. Mhandisi aandike jibu na atie saini. Asikuambie kwa mdomo "ziache tu, zitafaa." Hilo neno ndilo lililojaza ghala.

Utagundua pia jambo ambalo karibu kila stoo niliyoingia nimelikuta. Chukua beringi 6205, ile yenye tundu la milimita 25 na kipenyo cha nje cha 52, beringi ya kawaida kabisa. Kwenye kadi moja imeandikwa "beringi ya mota ndogo." Kwenye kadi nyingine "beringi mm 25." Kwenye ya tatu imeandikwa jina la kampuni iliyoitengeneza na namba. Ni kitu kimoja, kimekaa kwenye rafu tatu, na mtu wa manunuzi kila mwezi anaagiza nyingine kwa sababu kadi anayoiangalia yeye inasoma sifuri. Futa vumbi, soma namba iliyochongwa kwenye ukingo wa chuma, uiandike namba hiyo pamoja na herufi zinazofuata. Yenye 2RS imezibwa kwa mpira pande zote mbili, yenye ZZ imezibwa kwa bati, na hazibadilishani kila mahali. Baada ya wiki mbili za kazi hii, sehemu ya mzigo wako uliododa itarudi kwenye matumizi bila kuuza wala kutupa kitu. Hiyo ndiyo fedha rahisi kuliko zote, na ndiyo itakayomfanya Mzee akuamini.

Kwa spea zitakazobaki hazina kazi kwenu, kuna milango kadhaa, na niwe mkweli kuhusu kila mmoja. Kumrudishia aliyewauzia, baada ya miaka hii, mara nyingi haitawezekana. Piga simu moja, usiweke matumaini. Viwanda vingine vyenye mashine kama yenu ya zamani ndio wanunuzi bora, kwa sababu kwao kile kitu kiko hai. Tengeneza orodha yenye namba za utengenezaji na picha, itume kwa mafundi wakuu wa viwanda vya sabuni na mafuta hapa, Mombasa, Nairobi, Kampala. Fundi mkuu anayetafuta gia ya mashine ambayo mtengenezaji wake ameshaacha kuitoa hatabishana sana. Ubaya wake ni muda, vitu vinatoka kimojakimoja. Wafanyabiashara wa Gerezani watachukua haraka mota, beringi na valvu zinazojulikana, kwa bei ya chini. Usitegemee hata nusu ya bei ya dukani. Mnada kupitia dalali mwenye leseni unafaa kwa mchanganyiko, tena unakulinda wewe, kwa sababu bei inatajwa mbele ya watu. Vyuma chakavu viwe mlango wa mwisho, kwa kile kilichokwisha kweli.

Upo na mlango wa kutoa. Chuo cha ufundi cha VETA kinaweza kuzipokea mota na giaboksi ambazo hazina soko lakini zinafunguka na kufungwa, na vijana wakajifunzia. Mhasibu aangalie kwanza upande wa kodi, maana kutoa bure nako kuna utaratibu wake.

Katoni na lebo za nembo ya zamani zina hatari ambayo watu hawaifikirii. Zikitoka nzima nzima zitatumika. Mtu atapika sabuni yake ya ovyo kwenye sufuria, ataifunga kwa karatasi yenu halali, ataiuza mikoani, na mteja akibabuka ngozi atawatafuta ninyi. Lebo zikatwekatwe au zisagwe mbele ya shahidi, ndipo zipelekwe kwa wanaosaga karatasi upya. Katoni zipasuliwe katikati ya nembo. Pigeni picha, andikeni idadi.

Sasa mhasibu. Anaposema mkiuza mtatangaza hasara, anachanganya hasara na siku ya kuiandika. Hasara ilipatikana mwaka 2019 laini ilipong'olewa, au siku nembo ilipobadilishwa. Kuuza kunaifanya ionekane tu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinasema mali ya stoo iandikwe kwa gharama yake au kwa kiasi kitakachopatikana ikiuzwa baada ya kutoa gharama za kuuza, kipi kidogo. Spea kubwa za mtambo huweza kuandikwa pamoja na mali za kudumu, lakini nazo zikipoteza thamani lazima zishushwe. Kwa hiyo ile milioni 412 kwenye vitabu vyenu yaelekea si kweli hata leo, kabla hujauza msumari mmoja. Mkaguzi makini atauliza mwenyewe. Ni heri muipeleke ninyi, na vielelezo mkononi.

Upande wa TRA, mamlaka ya mapato, usiende kwa kukisia. Kufuta mali vitabuni na kukubaliwa punguzo la kodi ni vitu viwili. Wao watataka ushahidi: orodha, sababu, kibali cha uongozi, na jinsi mali ilivyouzwa au kuteketezwa. Mauzo ya vyuma chakavu ni mauzo kama mengine, yanatakiwa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kama mmesajiliwa. Na kuna jambo moja la kukagua mapema sana: kama sehemu ya mitambo au spea hizo iliingia nchini kwa msamaha wa ushuru, huwezi kuiuza kabla ya kuwaarifu watu wa forodha, kwa mujibu wa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Tafuta hati za kuingizia mzigo. Nimeona biashara nzuri ikigeuka deni kwa ajili ya karatasi hiyo moja.

Nakuja kwenye hofu yako mwenyewe, ambayo naielewa vizuri. Msimamizi wa stoo ndiye wa kwanza kushikwa shati kitu kikipotea, na wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari ndilo ngao yako. Usiuze kitu kwa agizo la mdomo, hata likitoka kwa mtoto wa mwenye kiwanda. Omba barua ya kuunda kamati ndogo: wewe, mhandisi, mhasibu, na mtu mmoja wa ulinzi au utawala. Hesabuni upya kila kitu, kwa macho, bila kunakili leja ya zamani. Mzee aliyestaafu mwombe aje siku mbili akukabidhi vizuri, mlipeni nauli na chakula, maana anajua kilicho ndani ya masanduku ambayo wewe utayaogopa, na huenda anajua hata mapipa yale yalitoka idara gani. Tofauti mtakayoikuta kati ya leja na rafu iandikwe siku hiyohiyo na wote wanne watie saini, ili isije ikahesabiwa kuwa imetokea mikononi mwako.

Siku ya kutoa vyuma, gari lipimwe tupu na lipimwe limejaa, kwenye mzani ambao si wa mnunuzi. Dereva na matingo washuke mara zote mbili. Naliandika hili kwa sababu watu wanne juu ya gari wakati wa kulipima tupu, kisha wasiwepo wakati wa kulipima limejaa, ni zaidi ya kilo 250 za chuma chako zimeondoka bure. Angalia pia kama gari lilipofika lilikuwa na maji au mchanga chini ya turubai. Pigeni picha ya namba ya gari, karatasi ya mzani na mzigo wenyewe. Fedha iingie benki kabla hati ya kutoka getini haijasainiwa. Mnunuzi aoneshe kibali chake cha biashara ya vyuma chakavu, nawe ubaki na nakala. Kenya walifika mahali pa kusimamisha biashara hiyo yote Januari 2022 baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, na hapa kwetu pia nyaya na reli huibwa. Usiwe miongoni mwa wanaouza kwa mtu asiye na karatasi, kwa sababu polisi wakimfikia yeye watafika na kwako.

Ushauri wangu wa ratiba ni huu, nawe uupime kwa hali yenu. Mwezi wa kwanza ni wa mapipa na kostiki: mwite mtaalamu wa Mkemia Mkuu achukue sampuli, na kwa kostiki iliyoganda muulize kama inaweza kutumika kiwandani mwenu kwa kazi nyingine, maana kuna wakati inafaa, lakini mtu asiipasue kwa nyundo bila miwani na glavu; vumbi lake hupofusha. Katoni ziende mwezi huohuo, kwa kuwa ni nyepesi kuamua na zinakula nafasi kubwa. Huenda mkishatoa katoni peke yake mkaweza kurudisha lile ghala la kupanga, na presha yote ya kuuza spea kwa haraka ikaisha. Spea zipeni miezi mitatu ya kutafuta wanunuzi wa kweli. Kisichopata mtu ndani ya muda huo kiende mnadani au kwenye mzani. Bila tarehe ya mwisho, ghala litakuwa hivihivi mwakani.

Kwa mapipa, transfoma na kodi za TRA, usitegemee maandishi yangu haya. Huko lazima mtu aje aone kwa macho. Ukikuta kitu kinatoa moshi, kinapiga harufu kali au kina joto ukikikaribia, toa watu nje kwanza na uwapigie Zimamoto na Uokoaji. Na kama uking'oa vumbi unakuta gasketi au mabati ya kijivu yenye nyuzinyuzi kama pamba, acha kuyakatakata, yanaweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu.

Na namna ya kumwendea Mzee. Usimwitie kikao. Mwombe aje ghalani asubuhi, kabla joto halijapanda, mkiwa wawili tu. Chukua mkanda mmoja kutoka kwenye rafu, mpya, una karatasi yake bado. Mpe aukunje mwenyewe. Utapasuka mkononi mwake. Halafu mpeleke kwenye mota ambayo mhandisi ameshaipima na kuikuta nzima, aizungushe shafti kwa vidole. Mwambie unaomba ruhusa ya kuokoa vya aina hii ya pili kabla havijawa kama huo mkanda, na umpe ile karatasi yenye hesabu ya kodi ya pango. Atauliza kipi kinabaki. Hapo uwe na orodha ya mhandisi mfukoni, na kalamu.